Mandhari ya reli ya modeli: udongo, nyasi na mabati ya Nairobi kwa skeli ya 1:87

Kinachoiumbua meza ya reli ya modeli mara nyingi si milima iliyokaa vibaya. Ni chembe zilizo kubwa mno, kijani kilichozidi, na mng'ao wa gundi au rangi. Kichwa cha treni kinaweza kuwa cha bei ya kuumiza na reli ikawa imelazwa sawasawa, lakini jicho likitua kwenye kokoto ambazo kwa kipimo chake zingelingana na mawe ya kujengea nyumba, hapo hapo linajua kwamba ile ni meza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya mandhari ni kuchekecha, kufifisha rangi na kuua mng'ao. Vitu vya kufanyia hayo vimejaa Nairobi, na vingine vinaokotwa tu.

Hesabu kwanza. Hapa tunazungumzia skeli ya 1:87, ile iitwayo HO. Mita moja ya kweli inakuwa milimita 11.5. Mtu mzima ni milimita 20, mlango wa mita 2 ni milimita 23, na kibanda cha mita 2 kwa 2 kina upana huo huo. Karatasi nzima ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4, ambayo ikiingia nyumbani watu wanauliza italala wapi, ni mita 212 kwa 106 tu za ardhi. Andika vipimo hivi kwenye karatasi na uibandike ukutani mbele ya meza, maana utavihitaji kila saa.

Kuhusu reli zenyewe: reli ya modeli ya upana wa milimita 16.5 inawakilisha milimita 1,435, yaani SGR iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899, ina upana wa mita moja, na kwa skeli hii inataka reli ya milimita 12. Wapo wanaotumia 16.5 kwa zote mbili. Kwa maoni yangu si dhambi kubwa, mradi rangi ya mataruma, yaani vipande vya kukingama vinavyobeba reli, iwe sahihi: ya SGR ni zege la kijivu, ya reli ya zamani sehemu nyingi ni chuma chenye kutu. Anayetazama huona rangi kabla hajafikiria upana.

Chagua mahali pamoja na mwezi mmoja

Nairobi ilizaliwa kama bohari ya reli kwenye ardhi tambarare, kabla ya mpando wa kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa. Ndiyo sababu ukifuata njia hiyo unapata nchi tatu tofauti ndani ya safari fupi. Upande wa Athi River kuna nyasi kavu, migunga na udongo mweusi ule unaopasuka kiangazi na kunasa magari masika. Ndani ya jiji kuna udongo mwekundu, mabati, mikaratusi na vishamba vya sukuma wiki kando ya tuta. Ukipanda Limuru unaingia kwenye majani chai na ukungu. Mita 212 haziwezi kubeba yote hayo. Ukilazimisha twiga, majani chai na vibanda vya Kibera kwenye ubao mmoja, unapata maonyesho ya shule.

Chagua na mwezi pia. Nyanda za Athi mwezi wa Januari ni rangi ya majani makavu, mwezi wa Mei ni kijani. Mijakaranda ya jiji huchanua kuanzia Septemba hadi Novemba. Mwezi ukishaujua, maswali mengi ya rangi yanajijibu yenyewe, na unaacha kununua kijani usichokihitaji.

Msingi

Plaiwudi ya milimita 9 juu ya fremu ya saiprasi ya inchi 2 kwa 1, yenye vipande vya kukingama kila sentimita 40, inatosha. Paka rangi pande zote mbili pamoja na kingo, hata chini ambako hakuna atakayeona. Plaiwudi iliyopakwa upande mmoja hunyonya unyevu wa masika kwa upande wa pili, ikajikunja, na viungo vya reli vikaachana.

Juu yake weka stairofomu ya sentimita 5, na reli ilazwe juu ya stairofomu hiyo. Sababu ni kwamba ardhi ya kweli haianzii kwenye reli na kupanda tu. Kuna mitaro, makalavati, mabonde, na tuta lenyewe limeinuka. Reli ikiwa ndiyo sehemu ya chini kabisa ya meza, kila kitu kinaonekana kimewekwa juu ya ubao. Ukiwa na sentimita 5 za kuchimba unaweza kushusha bonde la mita 4 chini ya reli, na sura yote inabadilika.

Stairofomu nyeupe inayofungiwa friji na televisheni inafaa, ingawa ukiikata kwa kisu punje zake hutawanyika na kung'ang'ania kila kitu. Waya wa moto hukata safi zaidi, ila fanyia nje, moshi wake si wa kuvuta. Gundi ya viatu na rangi za kupuliza za makopo huila stairofomu papo hapo, ukabaki na shimo. Tumia gundi nyeupe ya mbao, nayo ina tabu yake: kati ya vipande viwili vya stairofomu hewa haifiki, kwa hiyo katikati inaweza kubaki mbichi kwa siku nyingi. Toboa matundu kwa msumari kila sentimita 5, paka gundi nyembamba, weka uzito juu na uache usiku kucha. Katika baridi ya Juni hadi Agosti iache siku mbili.

Milima hutengenezwa kwa vipande vya katoni vya upana wa sentimita 2 vilivyosukwa kwa kuachana sentimita 5 na kushikwa kwa gundi ya moto, kisha unavalisha bandeji za plasta ya Paris, zile za kufunga mifupa iliyovunjika, zinazouzwa kwenye maduka ya dawa. Kata vipande vya sentimita 20, chovya maji kwa sekunde chache, laza tabaka mbili zinazopandana nusu kwa nusu. Shuka kuukuu la mitumba lililochovywa kwenye jipsamu linafanya kazi hiyo hiyo kwa bei nafuu zaidi. Usitumie magazeti na gundi ya unga wa ngano. Ni rahisi, lakini mende na panya huila, na msimu wa baridi huota ukungu kwa ndani ambako hufiki.

Kukoroga plasta: sehemu 2 za unga kwa 1 ya maji, na ni unga unaomwagwa kwenye maji, si maji kwenye unga. Ikianza kuganda dakika ya tatu wakati jana ilikupa robo saa, angalia bakuli. Mabaki makavu ya plasta ya jana huharakisha kuganda, kwa hiyo tumia bakuli la plastiki linalokunjika na uyapasue na kuyatoa mabaki yote kabla ya kukoroga tena. Kijiko kidogo cha siki huchelewesha. Maji ya kuoshea usimwage kwenye sinki, yataganda ndani ya bomba.

Kwa miamba, kunja karatasi ya foili ya jikoni, ikunjue nusu, mimina plasta, na ikifika uzito wa maziwa ya mala ibandike kwenye mteremko uliolowanishwa ikiwa bado ndani ya foili. Ikiganda, bandua. Mwamba wa ukingo wa Bonde la Ufa ni wa volkano, kijivu cha kahawia, na udongo mwekundu huutiririkia. Anza na madoa ya rangi ya kahawia iliyochanganywa na maji 1 kwa 20, kisha madoa ya rangi ya mchanga, halafu nyeusi nyepesi zaidi, 1 kwa 30, ijipenyeze kwenye nyufa. Ikikauka kabisa, futa brashi hadi ikaribie kuwa kavu na upitishe rangi ya krimu juu ya ncha tu. Usihukumu rangi plasta ikiwa mbichi. Ikikauka hupauka sana.

Udongo

Hakuna rangi ya dukani inayoshinda udongo wenyewe, ila hauwekwi jinsi ulivyochotwa. Uanike juani, kisha uoke kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko kwa nusu saa ukiugeuza, kuua mbegu na wadudu. Usipofanya hivyo, gundi yenye maji itaotesha magugu ya kweli kando ya reli. Uponde, uchekeche kwenye kichujio cha chai, kisha kwenye soksi ya nailoni.

Halafu pitisha sumaku iliyofungwa ndani ya karatasi ya plastiki, mara kadhaa, hadi isibebe chochote. Udongo wa kwetu una chembe za chuma, na mota ya treni ina sumaku ndani. Chembe hizo zikiingia kwenye mota au zikajazana kwenye giya, kichwa cha treni kinaanza kukwaruza na hatimaye kinasimama. Hatua hii wengi huiruka kwa kuwa madhara yake hayaonekani mwezi wa kwanza.

Udongo mwekundu ni laini mno, na ukiuweka peke yake kwenye gundi unageuka tope linalopasuka likikauka. Changanya sehemu 2 za udongo na 1 ya mchanga laini uliochekechwa. Udongo mweusi wa Embakasi na Athi ni mbaya zaidi kwa kupasuka. Nyufa zake zikijitokeza kwenye modeli, zinakuwa za upana ambao ng'ombe angetumbukia. Paka kwanza rangi ya maji ya kijivu kizito, kisha nyunyizia udongo wenyewe kama vumbi tu juu ya gundi mbichi.

Jambo jingine ni kwamba udongo ukishashikwa na gundi hubaki mzito wa rangi, kama umemwagiwa maji. Vitu vidogo navyo huonekana vyeusi zaidi ya vikubwa vya rangi ile ile. Kwa hiyo wekundu unaouona ardhini ufifishe: ongeza unga wa udongo mweupe au jipsamu iliyokwisha kuganda na kusagwa, kiasi cha sehemu 1 kwa 6. Gundi ikikaribia kukauka, nyunyizia udongo mkavu juu na upulize unaobaki. Hiyo ndiyo dawa ya mng'ao.

Kokoto za reli

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kokoto za kweli ni kati ya milimita 25 na 60. Kwa 1:87 hiyo ni milimita 0.3 hadi 0.7, ndogo kuliko punje ya sukari. Vumbi la machimbo ya mawe, lile la kutengenezea matofali ya zege, ndilo hasa. Chukua linalopita kwenye kichujio cha chai na kubaki juu ya kitambaa cha nailoni. Kisha lioshe kwenye ndoo, ukimwaga maji machafu hadi yawe angavu. Ukiacha unga wake ndani, ukikutana na gundi unageuka utando wa kijivu unaofunika mataruma yote, na hauondoki.

Kabla ya kumwaga kokoto, paka ubavu wa reli rangi ya kutu na ufute juu ya reli kabla haijakauka. Hakikisha umeme unafika kila kipande na treni inapita bila kusita. Baada ya gundi hutaki kung'oa kitu.

Kikombe cha chai cha mililita 150 kinatosha takriban mita moja pamoja na mabega. Mwaga katikati ya reli, sambaza kwa brashi laini, na gonga reli kidogo kwa mpini wa brashi ili chembe zilizo juu ya mataruma zishuke. Kokoto ziishie usawa wa mataruma au chini yake kidogo. Sasa nyunyizia maji yenye matone mawili ya sabuni ya vyombo kwa nusu lita, ukipuliza juu hewani ili yaanguke kama ukungu. Ukipuliza moja kwa moja kutoka karibu, yanachimba mashimo. Kokoto zikiwa zimelowa hadi chini, dondosha gundi nyeupe iliyochanganywa na maji 1 kwa 2, nayo iwe na tone la sabuni, kwa bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano. Gundi inywewe. Ikikaa juu kama matone yanayoviringika na kubeba kokoto, maana yake hukulowanisha vya kutosha. Usiisukume kwa kidole. Rudia kunyunyizia maji.

Kwenye pointi, yaani pale treni inapobadilisha njia, usitumie gundi ya maji kabisa. Itatambaa chini ya ulimi wa reli na kuufunga. Paka gundi nzito kwa brashi ndogo kati ya mataruma, bonyeza kokoto chache, na kando ya ulimi acha wazi, paka rangi tu. Sogeza ulimi kila baada ya dakika chache hadi ikauke.

Acha siku nzima. Kisha funika mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi kwa soksi, fyonza zilizolegea na uzitumie tena. Futa juu ya reli kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kupitisha kichwa chochote.

Nyasi na raketi ya mbu

Nyuzi za nyasi za modeli huuzwa kwa urefu: milimita 2 ni nyasi ya sentimita 17, 4 ni sentimita 35, 6 ni zaidi kidogo ya nusu mita. Hizi huagizwa kutoka nje, kampuni kama Noch na Woodland Scenics huzitengeneza. Chombo cha kuzisimamisha, hata hivyo, usikiagize. Raketi ya umeme ya kuua mbu inafanya kazi hiyo.

Toa betri, au kama ni ya kuchaji hakikisha haijachomekwa ukutani, wala usiitumie kamwe ikiwa imechomekwa. Gusanisha nyavu mbili kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki, kwa sababu chaji hubaki ndani hata ikiwa imezimwa, na inauma. Kata nyavu, bakiza nyaya mbili zinazotoka kwenye mpini. Moja ifunge kwenye kichujio cha chai cha chuma kilichokazwa kwenye mpini huo huo, nyingine irefushe kwa nusu mita na uiwekee kibanio. Kibanio hicho kishike msumari uliochomekwa ndani ya gundi mbichi, si mbali zaidi ya sentimita 15 kutoka unapofanyia kazi. Paka gundi nyeupe isiyochanganywa na maji, jaza kichujio nusu, bonyeza swichi na tikisa ukiwa sentimita 2 au 3 juu. Nyuzi zinashuka zikiwa zimesimama. Ukimaliza gusanisha tena kabla ya kushika chuma. Watoto wasikaribie, na mtu mwenye kifaa cha moyo asiishike.

Nyasi zikilala, sababu ni chache. Gundi imeshaota ngozi: kiangazi cha Nairobi kinakupa kama dakika kumi, kwa hiyo paka eneo la ukurasa wa A4 na si zaidi. Au msumari uko mbali na umeme haufiki. Au nyuzi zimenyonya unyevu na kushikana, na hizo zianike kwanza.

Rangi moja ya nyasi haipo popote duniani. Kwa Athi ya Januari jaribu sehemu 6 za rangi ya majani makavu, 3 za kahawia hafifu, 1 ya kijani kilichofifia. Halafu acha vipara: njia za mbuzi na watu, zenye upana wa milimita 4 hadi 6, zikivuka reli mahali ambapo watu wangevuka kweli. Kwa vishungi virefu, katani haina mpinzani. Kamba ya katani isiyotiwa rangi tayari ni rangi ya nyasi kavu. Kata milimita 8, shika nyuzi kumi na kitu, chovya ncha kwenye gundi, chomeka kwenye tundu la msumari.

Miti

Mgunga wa mita 8 ni milimita 92 kwenda juu, na taji lake linaweza kuwa pana kuliko urefu wake. Chukua vipande 16 vya waya laini wa kufungia nondo, kila kimoja sentimita 20. Sokota chini kwa sentimita 3, gawa nane nane, sokota kidogo, gawa nne nne, endelea hadi waya mmoja mmoja, na ncha zote zikunje hadi zilingane usawa mmoja. Valisha shina gundi iliyochanganywa na jipsamu, likikauka lipake kijivu cha kahawia. Ikiwa ni mgunga wa Naivasha, gome lake ni njano ya kijani.

Taji ndilo linaloharibika: watu hutengeneza mpira. Nyoosha pamba ya kujazia mito hadi uone upande wa pili, ipake rangi nyeusi ya kijani, laza vipande viwili au vitatu vilivyo bapa vyenye nafasi za mwanga katikati, kisha nyunyizia majani. Majani ni sponji ya godoro iliyokatwakatwa na kusagwa kwenye blenda pamoja na maji na rangi ya maji, ikakamuliwa, ikaanikwa, ikachekechwa. Blenda hiyo isirudi jikoni. Unga wa mbao wa mafundi nao unafaa, ila omba unga wa msumeno. Maranda ya randa ni vipande vya kujikunja, havifai.

Waya wa kusugulia sufuria usiutumie kwa matawi hata kama unaonekana vizuri. Vipande vyake hukatika, huvutwa na sumaku za mota, na huweza kuunganisha reli mbili na kuzima kila kitu.

Mikaratusi ina haki ya kuwapo kando ya reli: ililetwa Kenya mwaka 1902 ili ipatikane kuni za vichwa vya mvuke. Mti wa mita 25 ni sentimita 29, mrefu kuliko wengi wanavyothubutu. Weka miwili mitatu ya urefu huo, mingine sentimita 18, yote nyuma. Kwa mjakaranda, zambarau ichanganywe na kijivu kidogo, na maua yaliyoanguka yawe chini ya mti huo tu.

Majani chai ya Limuru ndiyo rahisi kuliko yote. Sponji ngumu ya kijani ya kusugulia vyombo ina unene wa karibu milimita 8, ambao ni mmea wa sentimita 70 uliochumwa juu ukawa bapa. Ikate vipande visivyolingana, acha vijia vya milimita 4, na pitisha brashi kavu ya kijani cha njano juu yake. Mahindi ni kinyume chake. Mimea hupandwa sentimita 75 kwa 30, yaani milimita 8.6 kwa 3.5, kwa hiyo kishamba cha sentimita 10 kwa 10 kinataka zaidi ya mimea 300. Tengeneza vizuri mistari miwili ya mbele, ya nyuma iwe ncha tu.

Mabati

Mawimbi ya mabati ya kawaida yanaachana milimita 76, karibu 0.9 kwa skeli. Bolti ya M5 ina nyuzi zinazoachana milimita 0.8. Laza foili nene, ya zile sahani za kubebea chakula, juu ya kipande cha tyubu ya baiskeli, na uviringishe juu yake bolti ndefu yenye nyuzi mwili mzima ukikandamiza kwa mikono miwili, mara moja, bila kuteleza. Mistari itatoka imeinama kama digrii 3 hivi kwa sababu nyuzi za bolti zinazunguka. Kata kwa kufuata mistari, si ukingo wa foili. Bati la mita 3 ni milimita 34 kwa karibu 10. Kata moja moja na uzipandanishe wimbi moja. Paa la kipande kimoja linajulikana hata kwa mbali. Paka undakoti ya kijivu, chache zipe kutu, moja iwe mpya kabisa, na mawe mawili matatu juu ya kuzuia upepo.

Watu wa modeli wanaotoka Ulaya huja na makoti na kofia za baridi. Kata ukingo wa kofia kwa wembe, paka upya ngozi na nguo, na makoti mengi yanageuka magauni au ovaroli. Mito ya hapa ni kahawia, kwa hiyo paka kitanda cha mto rangi ya tope, katikati nzito zaidi, na tabaka nne za vanishi ya maji yenye mng'ao. Hapo ndipo pekee mng'ao unaporuhusiwa. Resini ya epoksi ikitumika, mimina milimita 3 kwa mara moja, na ziba kingo zote kwanza, maana itapata tundu ambalo hukulijua.

Kabla ya kufunga mwamba au nguzo yoyote karibu na kona, bandika penseli ubavuni mwa behewa refu kuliko yote na ulizungushe. Behewa refu hukata kona kwa katikati na kutoa ncha nje. Ndani ya handaki acha nafasi ya mkono kuingia kwa nyuma, treni huanguka mahali usipopaona.

Rangi zote zichanganye chini ya taa ile ile itakayomulika meza. Udongo uliopendeza dirishani unaweza kugeuka waridi chini ya balbu nyeupe. Mwisho ni vumbi: la Januari halichekechwi na mtu, na likikaa juu ya nyasi haliondoki bila kung'oa. Shuka jepesi au plastiki iliyoinuliwa kwa fimbo, isiyogusa miti, ifunike meza kila ukiondoka, na iondolewe taratibu kuanzia upande usio na mikaratusi.